Breki ya Mbele

Jumatatu, 17 Machi

Masika yameanza leo mchana, na mimi nimeanza kujifunza pikipiki. Bora nianze na kuandika pia, maana nikikaa kimya na hasira niliyo nayo nitapasuka.

Sababu ya haya yote ni moja. Mzee Gikonyo, ambaye amepandisha ng'ombe wa upande wetu wa Tetu kwa mrija wa mbegu tangu nikiwa darasa la kwanza, anastaafu mwisho wa Juni. Chama cha maziwa kimeniambia kazi ni yangu, cheti cha kupandisha ninacho na mkono wangu wameuona. Lakini ng'ombe hangoji mtu. Akianza kulilia fahali asubuhi, jioni awe amepata mbegu, la sivyo mkulima anakaa wiki tatu akingoja tena. Kazi hiyo haifanywi kwa miguu. Nisipokuwa na leseni ya pikipiki kabla Juni haijaisha, inakwenda kwa kijana wa Othaya ambaye namjua, na ng'ombe wakimjua watamkimbia. Mimi nimechuma chai ya watu miaka kumi. Siwezi kurudi huko.

Basi leo nilikwenda shule ya udereva mjini Nyeri. Mwalimu wa pikipiki ni mwanamke wa Nanyuki anayeitwa Muslima, mwembamba, buibui lake amelikunja na kuvaa gambuti. Alinionyesha pikipiki, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Sukuma," alisema.

Nikasukuma uwanja mzima wa changarawe, kwenda na kurudi, mvua ikinipiga kisogoni. Nilidhani ananitania.

Jumanne, 18 Machi

Nimesukuma tena.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nimefundishwa kusimama. Ndiyo, kusimama. Uwanja una kijiteremko upande mmoja. Muslima ananisukuma kutoka juu, injini imezimwa, na kazi yangu ni kubana breki ya mbele kwa vidole viwili na ya nyuma kwa mguu, mpaka gurudumu litulie kwenye mstari aliouchora kwa kisigino.

"Usinyakue," anasema. "Kamua. Wewe dada si unajua kukamua ng'ombe? Hivyo hivyo."

Nilimwuliza ni lini tutawasha injini. Akasema siku nitakayojua kuisimamisha. Nilimwambia nina haraka. Akasema hata wale wa kaburini walikuwa nayo. Nikarudi nyumbani nikiwa nimemchukia kabisa.

Jumamosi, 22 Machi

Sirudi kwa Muslima. Aliyenifungua macho ni Wakiuru. Wakiuru ni jirani, shamba lao liko chini ya letu; tulipata kipaimara siku moja na mpaka leo tunaazimana sukari. Anataka pikipiki ili apeleke mboga zake sokoni mwenyewe aache kubembeleza watu.

"Enda kwa Kingori," aliniambia. "Mimi niko siku ya pili na nimefika kanisani na gia ya tatu. Huyo wako wa town anakufundisha ati kusukuma. Kwani ni mkokoteni?"

Kingori ni mwenyekiti wa steji ya bodaboda hapa Wamagana. Ana kifua kama mlango, na sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Nusu ya vijana wa tarafa wamepita mikononi mwake. Alinipandisha, akakaa nyuma yangu, akasema, "Weka moja, achilia klachi." Tukaenda. Upepo ukaniingia mdomoni nikacheka peke yangu kama mwehu.

Tulipofika kona ya kwanza nikakamua breki ya mbele, maana vidole vilikuwa vimezoeshwa na yule mwanamke. Kitu kikanipiga vidole vya mkono wa kulia mpaka machozi yakanitoka. Ilikuwa spana, namba kumi. Huwa anaishika muda wote wa somo.

"Hiyo ndiyo huua watu," Kingori alisema sikioni mwangu. "Ya mbele inakurusha juu, unaanguka na shingo. Breki ni ya mguu. Ukishika hiyo tena nakuvunja, umeskia?"

Jioni Mama aliviona vidole, akavikanda kwa maji ya chumvi. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," akasema. "Huyo sasa ndiye mwalimu." Nami nakubaliana naye. Sisi tulisoma kwa kiboko, na kusoma tukajua.

Jumatatu, 24 Machi

Vidole vimefura, lakini nimeendesha hadi Ihururu na kurudi. Kwa Muslima ningekuwa bado nasukuma.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua usiku kucha. Matope yamefika vifundoni, ng'ombe wamesimama zizini kama watu waliofiwa.

Leo nimejua kwa nini kishikio cha breki ya mbele kwenye pikipiki ya Kingori kinalegea. Waya ameulegeza mwenyewe, kwa ile spana yake, na anasema ni kutulinda. Waendeshaji wengi wa steji amewalegezea pia. Nikamwuliza, kama breki haishiki, mbona bado ananipiga nikiigusa?

"Ndio mkono ijue," akasema.

Niliona ina maana.

Jumatatu, 7 Aprili

Nderitu ndiye dereva wa pikapu ya maziwa ya chama. Ni mtu mzito, mpole, mwenye kupiga honi hata kwa kuku. Leo tulikuwa tumesimama katikati ya barabara, Kingori akinieleza gia, na Nderitu akatupigia honi. Kingori akamwendea polepole, akavunja kioo cha pembeni cha pikapu kwa spana. Pigo moja. Nderitu akaangalia vipande, akaweka gia, akaondoka.

Steji nzima ilipiga makofi. Nilipiga pia. Honi zake zimezidi.

Jumamosi, 12 Aprili

Wakiuru alizimisha injini mlimani, akarudi kinyumenyume hadi mtaroni. Kingori alimpiga kofi juu ya helmeti, akamvuta kwa shati, akampigisha magoti kwenye matope mbele ya steji na kumwambia aombe pikipiki msamaha. Wakiuru akaiomba. Alisema, "Naomba unisamehe," akiiangalia taa ya mbele, na watu wakacheka mpaka wakajishika mbavu.

Tulirudi nyumbani pamoja. Tulipofika kwa lango lao akasimama.

"Na wewe ulicheka," akasema.

"Kila mtu alicheka, Wakiuru."

"Ndio nasema."

Nilitaka kumjibu kwamba si mimi niliyezimisha injini. Nikaenda zangu kwa sababu mvua ilikuwa inaanza.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kingori alisoma somo la pili kanisani na hakukosea neno hata moja.

Jumanne, 29 Aprili

Mzee Gikonyo alinichukua leo tukapandishe ng'ombe wa mjane mmoja kule juu. Mkono wa kushoto uliingia nyuma ya ng'ombe vizuri, njia nikaipata, lakini wa kulia ndio unaoshika mrija wenye mbegu, na kidole cha kati hakikukunjika. Mrija ukaniponyoka ukaanguka kwenye samadi. Mbegu ya fahali mzuri, imekwisha hivyo. Mzee alitoa mrija mwingine akafanya kazi mwenyewe. Njiani alisema jambo moja tu: chama hakitanipa mtungi wa mbegu kama mkono wangu uko hivyo.

Nikaenda steji nikiwa nachemka. Nikamwonyesha Kingori kidole mbele ya watu wake nikamwambia ananiharibia kazi. Akanizaba kofi. Nikamrudishia papo hapo, kwa nguvu zangu zote, kofia yake ikaruka. Nilijua ananiua.

Akaanza kucheka. "Atiriri, mnaona huyu?" aliwaambia. "Huyu ndiye mwanafunzi yangu. Huyu ataendesha." Akaniwekea mkono begani kama mtu na ndugu yake.

Nami nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimenyoosha mgongo, na shavu likiwaka moto.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua. Somo fupi. Hajanipiga tangu siku ile, amehamia kwa Wakiuru.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Wakiuru amefungwa kitambaa vidoleni. Nilimwambia amrudishie kofi kama nilivyofanya mimi. Akaniuliza kama kila mtu akitaka kujifunza lazima kwanza awe mimi.

Alhamisi, 8 Mei

Nitaandika yote, kabla watu hawajaanza kunisimulia walivyoona wao.

Asubuhi ilinyesha, kisha ikakatika. Barabara ya kushuka mtoni ni ya lami, ila malori ya chai huacha matope juu yake, na ikilowa inateleza kama sabuni. Zamu yangu ilikuwa ya pili. Nikabaki juu, helmeti mkononi, Wakiuru akashuka na Kingori nyuma yake. Nilimwona Kingori akiinua spana na kuishusha. Nadhani vidole vya Wakiuru vilikuwa vimegusa tena.

Chini kule, kituo cha majani chai kiko upande wa kushoto. Pikapu ya maziwa ikatoka hapo polepole, Nderitu akiangalia huku na huku kama kawaida yake. Wakiuru alikuwa bado mbali, nafasi ilikuwepo ya kutosha. Nikaona taa nyekundu ya nyuma ikiwaka. Gurudumu la nyuma likateleza upande huu, kisha upande ule, na mwendo haukupungua hata kidogo. Wakaingia ubavuni mwa pikapu.

Nilikimbia. Nilipofika, steji yote ilikuwa imeshafika, sijui walijuaje, pikipiki zimeziba barabara pande zote mbili. Kingori alikuwa wima, damu kwenye nyusi, akipaza sauti kwamba Nderitu amewaingilia makusudi kulipiza kile kioo. Hakuna aliyeuliza neno. Walimtoa Nderitu kupitia dirishani. Wakampiga kwa helmeti, kwa mateke, kwa vifuniko vya mikebe ya maziwa. Mmoja, Gatimu, kijana ambaye kwa kawaida hata mbwa hampigi, alikuwa amechota petroli ya pikipiki yake kwenye chupa ya soda. Akaimwagia pikapu, kisha akaimwagia suruali ya Nderitu.

"Niko na watoto," Nderitu alikuwa akisema kwa sauti ya chini, tena na tena. "Niko na watoto."

Mtu akaitisha kiberiti. Hapo ndipo nilipenya. Niliwaambia pikipiki haikuwa na breki, hawakunisikia. Jiwe lililolengwa kwa Nderitu likanipata begani. Nikaikamata ile pikipiki iliyoanguka, nikaiburuta hadi katikati yao, nikamshika Gatimu mkono na kuuweka juu ya kishikio.

"Finya," nikamwambia.

"Toka hapa, Wachuka."

"Finya kwanza, ndio uchome mtu."

Akafinya. Kishikio kikaenda mpaka mwisho, tupu, kama mlango usio na bawaba. Akafinya tena. Nikawaambia ni nani aliyeilegeza na kwa chombo gani. Haikuhitaji ushahidi, maana spana bado ilikuwa mkononi mwa Kingori. Hakuiachia hata alipoanguka.

Gatimu akaweka chupa chini. "Hata ya ndugu yangu ulilegeza," akamwambia Kingori. "Desemba. Tukasema ni lori."

Nduguye Gatimu tulimzika kabla ya Krismasi. Mimi mwenyewe nilipika chai ya matanga.

Kingori akaanza kusema kitu kuhusu shingo na kurushwa juu, maneno yale yale ya kila somo, na hakuyamaliza. Watu walikuwa wale wale, na mawe yale yale. Walimwachia Nderitu wakamgeukia yeye.

Nami nilimpiga. Nilishika helmeti kwa mkanda wake nikamzungushia usoni, kisha nikarudia. Sitaandika kwamba sikujijua. Nilijijua vizuri. Nilikuwa nakumbuka kidole changu, na mbegu ile kwenye samadi, na mkono wake begani kwangu siku niliyojiona mtu. Kitu kikavunjika usoni mwake, nikasikia raha. Maziwa kutoka kwenye mikebe yalikuwa yakitiririka barabarani na kuingia mtaroni, meupe kabisa juu ya matope, na mimi nikampiga tena. Alipojifunika kichwa kwa mikono, mtu mwingine aliikanyaga hiyo mikono.

Aliyetusimamisha ni Nderitu. Alikuwa ametambaa mpaka ukingoni mwa mtaro, jicho moja limefumba.

"Kwani hakuna mtu anaona huyu msichana?" alisema. "Anakufa hapa na nyinyi mnapigana."

Wakiuru alikuwa mtaroni, ndani ya maziwa, na mguu wake ulikuwa umekunjika pale mguu usipokunjika. Watu wote wale walikuja kwa ajili yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwinua. Mimi sikumsikia. Kelele zilikuwa nyingi.

Nderitu ndiye aliyempeleka hospitali, ananuka petroli, akiendesha kwa jicho moja. Kingori tulimpakia pia. Nilikaa nyuma katikati yao, kichwa cha Wakiuru mapajani mwangu.

Ijumaa, 9 Mei

Mama hakutoa methali leo.

Jumatano, 14 Mei

Nimekwenda hospitali. Mguu wa Wakiuru wameutia vyuma. Nilimpelekea uji wa wimbi kwenye chupa ya chai. Alinitazama mpaka nikauweka juu ya meza, kisha akageukia ukuta. Nilimwambia pole. Nilimwambia Kingori amekwisha, hatampiga mtu tena.

Kingori yuko wodi ya wanaume. Taya limefungwa, mikono yote miwili iko kwenye plasta. Mke wake alinikuta mlangoni akanitemea mate kifuani. Nikajifuta kwa kiganja nikaondoka.

Jumatatu, 19 Mei

Nimerudi kwa Muslima. Nilikuwa nimejiandaa kwa mahubiri. Hakunihubiria. Aliniuliza kama nimekuja na helmeti yangu, nikampa. Akaipeleka kwenye mwanga, akaigeuza, akapitisha kidole ndani.

"Nimesikia uligonga nayo mtu," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Imepasuka hapa ndani, ona. Helmeti ikigonga kitu mara moja, imemaliza kazi yake. Hii haikusaidii tena. Tafuta ingine, halafu uje."

Akaitupa kwenye pipa mbele yangu.

Alhamisi, 22 Mei

Nimeazima helmeti ya Gatimu. Alinipa bila kuniangalia. Siku hizi vijana wa steji hawaniangalii, wala hawaangaliani.

Muslima amenirudisha kwenye kijiteremko, injini imezimwa. Akasukuma, na ulipofika wakati wa kubana breki, vidole vikakataa. Nasema ukweli: niliviamuru na vikabaki wazi, vimekakamaa, na bega likapanda juu kungoja pigo. Nikapita mstari, nikaingia kwenye ua wa michongoma.

Nilidhani atakasirika. Alikaa chini kwenye changarawe kando yangu akaniondolea miiba kwenye sweta.

"Huyo alikufundisha sawasawa," alisema. "Mkono umejua."

Ijumaa, 23 Mei

Vidole vimekataa.

Jumatatu, 26 Mei

Vimekataa. Nimemtukana Muslima, nikasema anafundisha watu kama watoto wa nasari. Akasema sawa, akaniambia niisukume pikipiki hadi juu.

Jumatano, 28 Mei

Leo aliweka mkono wake juu ya wangu. Akatembea kando ya pikipiki, vidole vyake juu ya vyangu, tukakamua pamoja. Ana mkono mkavu wenye ngozi ngumu. Tulifanya hivyo asubuhi yote na hakuniambia hata mara moja kwamba naweza. Nikamwuliza anapata wapi subira. Akasema hana subira yoyote, mume wake anaweza kushuhudia. Ila mtu anayeogopa husahau, na yeye hapendi kurudia somo.

Jumanne, 3 Juni

Vidole viwili vimefunga vyenyewe. Mstari sikuupita. Nililia ndani ya helmeti ya Gatimu, na nashukuru ina kioo cheusi.

Ijumaa, 6 Juni

Injini. Mvua. Breki ya mbele kwenye lami iliyolowa, polepole, na pikipiki ikatulia kama ng'ombe aliyeshibishwa. Haikunirusha juu. Miezi miwili na nusu nilikuwa nikiogopa kitu kilichotengenezwa kuniokoa.

Niliporudi nilipita steji ya Wamagana kwa miguu. Gatimu na wengine wawili walikuwa wamechuchumaa, wanakaza waya za breki za mbele, pikipiki moja baada ya nyingine. Nilisimama nikawatazama kidogo nikaenda zangu.

Alhamisi, 12 Juni

Mtihani. Mtahini alikuwa mzee mwenye mafua, alitaka kumaliza arudi kwenye gari lake. Akaniambia niendeshe hadi ile nguzo na nisimame ghafla akiinua mkono. Alipouinua mkono, bega langu lilipanda. Lakini vidole vilikamua.

Nimepita. Muslima alinipa mkono, akasema nisimpakie mtu mpaka mwaka uishe, kisha akamgeukia mwanafunzi mwingine na kumwambia asukume.

Jumatatu, 16 Juni

Mzee Gikonyo amenikabidhi mtungi wa mbegu na pikipiki ya chama. Mama amechinja kuku. Nderitu alipita na pikapu yake, kioo kipya pembeni, akapiga honi mbele ya lango letu mpaka ng'ombe wakashtuka. Nikatoka kumpungia mkono.

Ijumaa, 20 Juni

Simu ya kwanza ya leo ilitoka kwa Wakiuru. Sauti yake sikuwa nimeisikia tangu ajali.

"Ng'ombe yetu inalia tangu alfajiri," alisema. "Baba ameenda Kerugoya. Ningeita mtu mwingine, lakini siku hizi ni wewe tu."

Nilikwenda jioni, wakati unaofaa. Mvua ilikuwa imekwisha kabisa, ardhi imeanza kukauka. Wakiuru alinipokea zizini kwa magongo mawili, vyuma vimetokeza chini ya sketi. Amekonda. Nikamwambia ampe mtu mwingine kamba, akasema hakuna mtu mwingine. Akaegemeza magongo kwenye boriti, akashika kamba ya ng'ombe kwa mikono miwili, akasimama kwa mguu mmoja.

Nilivaa glavu ndefu, nikaingiza mkono wa kushoto, nikaipata njia. Mkono wa kulia ukashika mrija vizuri. Tulikuwa tumetenganishwa na mgongo wa ng'ombe tu, na yeye akaanza kuongea kwa sauti ya kawaida.

"Siku ile nilikuita."

"Kulikuwa na kelele sana, Wakiuru. Sikusikia."

"Ulisikia. Ulinigeukia. Tuliangaliana, Wachuka. Halafu ukarudi kumpiga."

Nikamwambia si kweli. Nikamwambia alikuwa na maumivu, mtu mwenye maumivu huona mengi. Hakubishana nami. Alikuwa akimkuna ng'ombe shingoni ili atulie, na mimi nilikuwa na mkono mzima ndani ya ng'ombe na siwezi kwenda popote.

Nikayakumbuka maziwa. Nakumbuka yalivyotiririka na kuingia mtaroni, yalivyokuwa meupe juu ya matope. Nisingeyaona kama sikuwa nimetazama mtaroni. Na mtaroni alikuwemo yeye.

Nikatia mbegu. Nikatoa mkono, nikavua glavu, nikaosha kwa maji aliyokuwa ameyaandaa kwenye karai. Nilisema, "Ni kweli. Nilikuona." Nikamwomba msamaha. Maneno hayo yalitoka bila shida, na nikaona hayakutosha.

Wakiuru alifungua kamba, akatafuta magongo yake. Nilitaka kumsogezea, akayafikia mwenyewe.

"Mguu ikishika nataka kuendesha tena," alisema. "Nimeongea na Muslima kwa simu. Amesema nikuje, ati nitaanza na kusukuma."

Nikasema huyo ni mwalimu mzuri. Nikasema nitakuwa nikimpeleka mjini na nitakaa naye uwanjani, nimsaidie.

"Hapana," akasema. "Usikuje hapo. Mimi nikikuona mkono yangu itaogopa."

Nikamwambia sawa. Nikafunga mtungi kwenye pikipiki, nikaenda kwa mkulima mwingine aliyekuwa akinisubiri.